Namna ya kukadiria lehemu ya LDL kutokana na majibu ya kawaida ya damu

Karatasi ya majibu ya mafuta ya damu huwa na mistari minne au mitano: lehemu jumla, ambayo wengi huiita kolesteroli, kisha HDL, trigliseridi, LDL, na wakati mwingine VLDL, majina nitakayoyaeleza mbele. Anayeisoma hudhani kwamba namba zote zimetoka kwenye mashine kwa njia moja, lakini sivyo ilivyo. Katika maabara nyingi zile tatu, yaani lehemu jumla, HDL na trigliseridi, ndizo zilizopimwa kutoka kwenye damu yenyewe. LDL, ambayo daktari huitazama kabla ya nyingine zote anapofikiria kumwanzishia mgonjwa dawa, mara nyingi imepatikana kwa hesabu ya kutoa na kugawanya. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa, na yeyote anayeweza kutumia kikokotoo cha simu anaweza kuirudia nyumbani. Kinachohitaji uangalifu ni kujua ni lini jibu lake ni la kuaminika na ni lini si la kuaminika.

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya tabibu wa zahanati au kituo cha afya anayeletewa namba tatu bila ya nne, kwa ajili ya muuguzi anayeulizwa maswali na wagonjwa wa presha na kisukari, na kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe anayetaka kuielewa karatasi aliyoilipia. Hayachukui nafasi ya daktari. Yanamsaidia mtu afike kwa daktari akiwa na swali lililo wazi.

Kwanza niondoe dhana moja ninayokutana nayo mara kwa mara. Kipimo cha picha kamili ya damu, kile kinachoitwa FBP, hakina habari yoyote ya lehemu. Kinahesabu chembe za damu na kupima wekundu wake. Sukari haisemi kiwango cha lehemu, na vipimo vya ini na figo pia havisemi. Vipimo hivyo vinaweza kueleza kwa nini lehemu imepanda au imeshuka, na hilo nitalirudia mbele, lakini hakuna kanuni ya kuaminika inayoanza na wingi wa damu au sukari na kuishia na LDL. Ili kukadiria LDL ni lazima namba tatu za mafuta zipatikane: lehemu jumla, HDL na trigliseridi, zote kutoka kwenye sampuli moja iliyochukuliwa wakati mmoja.

Msingi wa hesabu

Lehemu haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huisafirisha ikiwa imefungwa ndani ya chembe ndogo zenye protini kwa nje, na chembe hizo ndizo tunazoziita kwa herufi: VLDL, LDL na HDL. VLDL hutoka kwenye ini ikiwa imejaa trigliseridi, mafuta yanayotumika kama nishati, pamoja na lehemu kidogo. Kadiri inavyoyatua mafuta hayo njiani hupungua ukubwa, na sehemu yake huishia kuwa LDL, ambayo shehena yake kubwa ni lehemu. LDL inapozidi kwa miaka mingi hupenya kwenye kuta za mishipa ya damu na kujenga utando unaoziba njia ya kwenda moyoni au kwenye ubongo. HDL hubeba sehemu ya lehemu kuirudisha kwenye ini.

Kwa mtu ambaye hajala kwa saa kadhaa, karibu lehemu yote iliyomo kwenye damu imo ndani ya aina hizo tatu. Lehemu jumla, basi, ni HDL pamoja na LDL pamoja na VLDL. Ukiijua jumla, ukaijua HDL, na ukapata njia ya kuikisia VLDL, kinachobaki ni LDL.

Njia ya kuikisia VLDL ilitolewa mwaka 1972 na William Friedewald, Robert Levy na Donald Fredrickson, watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Kabla ya hapo, kuipima LDL kulihitaji mashine kubwa inayozungusha sampuli kwa kasi ya ajabu kwa saa nyingi hadi chembe zijitenge kwa uzito wake, na hospitali chache tu duniani zilikuwa nayo. Watatu hao waliyachunguza majibu ya watu 448 waliopimwa kwa mashine hiyo, wakaona kwamba kwa wengi wao VLDL huwa na trigliseridi mara 5 ya lehemu, kwa uzito. Kwa hiyo ukigawanya trigliseridi kwa 5 unapata makisio ya lehemu ya VLDL. Kanuni yao, kwa namba zilizoandikwa kwa miligramu kwa desilita (mg/dL), ni hii:

LDL = lehemu jumla − HDL − (trigliseridi ÷ 5)

Na kwa namba zilizoandikwa kwa milimoli kwa lita (mmol/L):

LDL = lehemu jumla − HDL − (trigliseridi ÷ 2.2)

Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye vizio kabla ya kuendelea.

Vizio vya kipimo

Maabara nyingi za Tanzania na Kenya hutoa majibu kwa mmol/L, kama Uingereza. Marekani na India hutumia mg/dL. Mgonjwa aliyekwenda kutibiwa India, na wanaokwenda ni wengi, hurudi na faili lenye namba kama 224 na 151, kisha akipimwa hapa anapewa 5.8 na 3.9, na anaweza kudhani kwamba lehemu yake imeyeyuka kimiujiza. Namba hizo ni kitu kilekile kilichoandikwa kwa vizio viwili.

Kubadili lehemu ya aina yoyote, iwe jumla, HDL au LDL, kutoka mg/dL kwenda mmol/L, gawanya kwa 38.67. Kubadili trigliseridi, gawanya kwa 88.57. Kurudi upande wa pili, zidisha badala ya kugawanya. Namba hizi mbili hazibadilishani nafasi, kwa sababu molekuli ya trigliseridi ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko ya lehemu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kigawanyo kiwe 5 katika kizio kimoja na 2.2 katika kingine: 5 × 38.67 ÷ 88.57 ni 2.18, ikakadiriwa kuwa 2.2.

Niliwahi kukuta karatasi ya kukokotolea kwenye kompyuta ya maabara moja ambayo aliyeitengeneza alitumia kigawanyo cha 5 kwa majibu ya mmol/L. Hakuna aliyegundua kwa muda mrefu, kwa sababu majibu yalionekana ya kawaida. Mtu mwenye lehemu jumla 5.8, HDL 1.2 na trigliseridi 1.5 alikuwa anaandikiwa LDL 4.3 badala ya 3.9. Katika namba za namna hiyo kosa halipigi kelele, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kizio kisomwe kwanza, kabla ya namba yenyewe. Ikiwa karatasi haina kizio, ukubwa wa namba utakusaidia: lehemu jumla ya mtu mzima kwa mmol/L kwa kawaida huwa kati ya 2 na 10, na kwa mg/dL huwa kati ya 80 na 400.

Kufanya hesabu yenyewe

Tumchukue mtu huyohuyo. Lehemu jumla ni 5.8 mmol/L, HDL ni 1.2, trigliseridi ni 1.5, na damu ilitolewa asubuhi kabla hajala. Gawanya 1.5 kwa 2.2 upate 0.68, ambayo ni makisio ya VLDL. Toa 1.2 kutoka 5.8 ubaki na 4.6. Toa tena 0.68 upate 3.92, nayo huandikwa 3.9.

Ukitaka kuhakiki, badili kila namba iwe mg/dL: lehemu jumla 224, HDL 46, trigliseridi 133. Gawanya 133 kwa 5 upate karibu 27. Kisha 224 toa 46 toa 27 ni 151, na 151 ikigawanywa kwa 38.67 inarudi kuwa 3.9. Njia mbili zikikutana namna hii, ujue hukukosea vizio.

Ile 4.6 iliyopatikana katikati ya hesabu ina jina lake na thamani yake. Ni lehemu jumla ukiondoa HDL, na kwa kawaida huitwa lehemu isiyo ya HDL. Ndani yake zimo LDL, VLDL na mabaki ya chembe nyingine, yaani karibu kila kitu kinachoweza kuziba mishipa. Haihitaji trigliseridi, haihitaji makisio yoyote, na haiharibiki sana hata kama mgonjwa alikunywa chai na chapati kabla ya kuja. Mimi hushauri iandikwe kwenye kila karatasi ya majibu, hata pale LDL ilipo, na ningependa kuiona ikitumika zaidi katika vituo vyetu. Kipimo cha kulinganisha ni rahisi: kiwango kinachokubalika cha lehemu isiyo ya HDL ni kile cha LDL ukiongeza 0.8 mmol/L, au 30 mg/dL.

Ili kuona kwa nini lehemu jumla peke yake haitoshi, walinganishe watu wawili. Wa kwanza ana lehemu jumla 5.9, HDL 2.1 na trigliseridi 0.8. Wa pili ana lehemu jumla 5.0, HDL 0.8 na trigliseridi 2.0. Anayetazama mstari wa kwanza tu atamwonya mwenye 5.9 na kumpongeza mwenye 5.0. Lakini LDL zao zinakaribiana, 3.4 na 3.3, na lehemu isiyo ya HDL ya yule wa pili ni 4.2 wakati ya wa kwanza ni 3.8. Aliyepongezwa ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Kifaa kidogo cha kuchoma kidole kinachotoa lehemu jumla pekee kina nafasi yake katika kampeni za upimaji wa jamii, ila kisitumike kumwambia mtu kwamba yuko salama.

Pale kanuni ya 1972 inapopotoka

Kanuni ya Friedewald imesimama juu ya dhana moja, kwamba uwiano wa trigliseridi na lehemu ndani ya VLDL ni 5 kwa 1 kwa kila mtu. Kwa wengi wenye trigliseridi za kawaida dhana hiyo inakaribia ukweli. Trigliseridi zikipanda, uwiano hubadilika, VLDL inakisiwa kuwa kubwa kuliko ilivyo, na LDL inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linaelekea upande wa kumtuliza mgonjwa ambaye hapaswi kutulizwa, hasa mwenye kisukari, kitambi na trigliseridi za juu.

Watatu hao wenyewe waliandika kwamba kanuni isitumike trigliseridi zikizidi 400 mg/dL, sawa na 4.5 mmol/L, na maabara makini haiandiki LDL ya kanuni hiyo juu ya mpaka huo. Hata hivyo kupotoka huanza mapema kuliko hapo, na huwa kukubwa zaidi pale LDL yenyewe inapokuwa chini, kama kwa mgonjwa anayetumia statini, dawa za kushusha LDL. Mwaka 1972 jambo hili halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa hakukuwa na dawa za kushusha LDL kufikia viwango vya leo.

Kwa sababu hiyo kanuni nyingine zimetengenezwa. Mwaka 2013 Seth Martin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha njia inayoacha kigawanyo kimoja cha 5 na badala yake kutumia jedwali lenye visanduku 180. Unatafuta kisanduku kinacholingana na trigliseridi za mgonjwa na lehemu yake isiyo ya HDL, na humo unapata kigawanyo chake, ambacho kinaweza kuwa kati ya takriban 3 na karibu 12. Jedwali lilitokana na sampuli zaidi ya milioni 1.3. Ni njia nzuri, lakini inahitaji jedwali hilo liwe karibu au liwe ndani ya programu ya maabara.

Mwaka 2020 Maureen Sampson na wenzake, nao wa taasisi za taifa za afya za Marekani, walitoa kanuni isiyohitaji jedwali, inayoweza kutumika hadi trigliseridi 800 mg/dL. Ni ndefu, na kama ilivyoandikwa hapa ni ya mg/dL:

LDL = (jumla ÷ 0.948) − (HDL ÷ 0.971) − [(trigliseridi ÷ 8.56) + (trigliseridi × lehemu isiyo ya HDL ÷ 2140) − (trigliseridi × trigliseridi ÷ 16100)] − 9.44

Usiogope urefu wake. Tumia mfano huu: mtu ana lehemu jumla 201, HDL 35 na trigliseridi 345, zote kwa mg/dL. Lehemu isiyo ya HDL ni 166. Kipande cha kwanza, 201 ÷ 0.948, ni 212.0. Cha pili, 35 ÷ 0.971, ni 36.0. Ndani ya mabano ya mraba kuna 345 ÷ 8.56, yaani 40.3, ongeza 345 × 166 ÷ 2140, yaani 26.8, kisha toa 345 × 345 ÷ 16100, yaani 7.4, jumla 59.7. Sasa 212.0 toa 36.0 toa 59.7 toa 9.44 ni karibu 107. Kwa kanuni ya zamani, 201 toa 35 toa 69 ni 97.

Tofauti ni 10 tu, lakini ziweke kwa mmol/L: kanuni ya zamani inasema 2.5, mpya inasema 2.8. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 kuhusu mafuta ya damu unataka LDL ya mtu mwenye hatari ya wastani ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi iwe chini ya 2.6. Kwa kanuni moja mtu huyu amefikia lengo, kwa nyingine hajalifikia, na damu ni ileile. Rudia hesabu kwa yule mtu wa mfano wa kwanza, mwenye trigliseridi 133, na utapata 154 badala ya 151, tofauti isiyobadili uamuzi wowote. Ndiyo maana ushauri wangu wa kiutendaji ni huu: trigliseridi zikiwa chini ya 1.7 mmol/L (150 mg/dL) na LDL ikiwa haiko chini sana, kanuni fupi inatosha. Zikiwa juu ya hapo, au LDL ikitoka chini ya 1.8, tumia ya Sampson au ya Martin na utazame pia lehemu isiyo ya HDL. Trigliseridi zikivuka mipaka ya kanuni zote, acha kukokotoa. Zikifika 10 mmol/L swali la kwanza linakuwa kongosho, ambalo linaweza kuvimba ghafla, na mgonjwa anahitaji daktari bila kuchelewa.

Kipo pia kipimo cha LDL cha moja kwa moja ambacho mashine nyingi za kisasa zinaweza kukifanya kwa gharama ya ziada. Kinasaidia trigliseridi zinapokuwa juu, ingawa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya makampuni tofauti havikubaliani kila mara katika damu yenye mafuta mengi, kwa hiyo nacho kisichukuliwe kama hukumu ya mwisho.

Sampuli ilivyochukuliwa

Hakuna kanuni inayoweza kurekebisha damu iliyochukuliwa vibaya au kwa wakati usiofaa. Desturi ya zamani ni mgonjwa akae saa 9 hadi 12 bila kula, akiruhusiwa maji matupu. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba kwa upimaji wa kawaida si lazima, kwa kuwa chakula cha kawaida hupandisha trigliseridi kwa wastani wa takriban 0.3 mmol/L tu na kushusha LDL ya hesabu kwa takriban 0.2. Naukubali msimamo huo kwa kipimo cha kwanza, kwani wagonjwa wengi wanaosafiri kutoka mbali hushindwa kurudi siku nyingine. Lakini ikiwa trigliseridi za aliyekula zimezidi 5 mmol/L, au ikiwa uamuzi wa dawa unategemea tofauti ndogo, arudi akiwa hajala. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikae na njaa usiku kucha kabla ya kuongea na anayemtibu.

Kwa wanaofunga Ramadhani, damu ya alasiri ni ya mtu aliyekaa saa nyingi bila kula, na ya asubuhi inaweza kuwa ya mtu aliyekula daku saa chache tu zilizopita. Anayechukua sampuli mwezi huo asitumie desturi ya "asubuhi ni tumbo tupu" bila kuuliza.

Mgonjwa akae kitini dakika chache kabla ya kutolewa damu, na mkanda wa mkono usikazwe zaidi ya dakika moja. Mtu akisimama muda mrefu, au mkanda ukikaa sana, maji hutoka kwenye mishipa na lehemu inabaki imejikusanya, na majibu yanapanda bila ugonjwa wowote kuongezeka.

Ugonjwa wa siku hizohizo una athari kubwa zaidi. Malaria, homa ya mapafu, upasuaji na hata shambulio la moyo lenyewe hushusha lehemu jumla, LDL na HDL, na mara nyingi hupandisha trigliseridi. Mtu aliyepimwa akiwa na malaria anaweza kuambiwa kwamba LDL yake ni nzuri, kumbe ni homa iliyoishusha. Asubiri wiki kadhaa baada ya kupona ndipo apime tena. Ujauzito hupandisha lehemu na trigliseridi kwa njia ya asili, kwa hiyo majibu ya wakati huo hayatumiki kupanga matibabu ya muda mrefu. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango na figo zinazopoteza protini kwenye mkojo hupandisha LDL, na hapa ndipo vile vipimo vingine vya kawaida vinapopata kazi. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, lopinaviri na ritonaviri zikiwa miongoni mwake, hupandisha trigliseridi kiasi cha kuivuruga kanuni ya zamani.

Hata kwa mtu mzima wa afya, lehemu jumla hupanda na kushuka kwa asilimia 5 au 6 kutoka siku moja hadi nyingine, na trigliseridi kwa asilimia 20 hivi. LDL ya hesabu hurithi mitikisiko ya namba zote tatu. Kwa hiyo kushuka kutoka 3.9 hadi 3.7 kusihesabiwe kuwa ushindi wa kitunguu saumu wala wa dawa mpaka kipimo cha pili na cha tatu kikubaliane nacho.

Kuitumia namba uliyoipata

LDL ya 3.9 haina maana moja kwa watu wote. Mwongozo wa Ulaya nilioutaja unaweka lengo la chini ya 3.0 kwa mwenye hatari ndogo, chini ya 2.6 kwa hatari ya wastani, chini ya 1.8 kwa hatari kubwa, na chini ya 1.4 kwa hatari kubwa sana, kama mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo. Kabla ya kuuliza kama namba ni kubwa, uliza ni ya nani.

Kuijua hatari hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kila ukanda, ukiwemo wetu wa Mashariki ya Afrika, kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 74. Chati hizo zinataka umri, jinsia, uvutaji wa sigara, namba ya juu ya presha, kuwepo kwa kisukari na lehemu jumla, na hutoa uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Ziko pia chati zisizohitaji maabara kabisa, ambazo badala ya lehemu na kisukari hutumia uwiano wa uzito na urefu. Kwa zahanati isiyo na kipimo cha mafuta, chati hizo zina faida kubwa kuliko kungoja vitendanishi.

Jambo moja lisisubiri chati. LDL ikifika 4.9 mmol/L (190 mg/dL) au zaidi, na vipimo viwili vikakubaliana, huenda ni lehemu ya juu ya kurithi. Mgonjwa aulizwe kuhusu baba, mama, ndugu na watoto, na kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana au aliyepata shambulio la moyo mapema. Ndugu wa damu nao wapimwe, hata wembamba na wanaokula mboga kila siku, kwa kuwa aina hii haitokani na chakula.

Ni vyema kuwa na daftari la majibu. Kila unapopima, andika tarehe, saa ulizokaa bila kula, namba tatu zilizopimwa pamoja na kizio chake, LDL na kanuni iliyoitoa, lehemu isiyo ya HDL, dawa unazotumia, na kama uliumwa mwezi huo. Ikiwa karatasi haikusema, muulize mtaalamu wa maabara: LDL hii imepimwa au imekokotolewa, na kwa kanuni ipi? Akikujibu, liandike jibu lake pembeni ya namba, ili daktari atakayelifungua daftari hilo mwaka ujao alinganishe namba zilizotoka kwa njia moja.